Bert Williams (1874–1922): Mtu Mweusi Aliyejipaka Weusi

Bert Williams alikuwa mtu mweusi, na kwa zaidi ya miaka ishirini alipanda jukwaani akiwa amejipaka weusi. Asiyeijua historia ya michezo ya Marekani atadhani ni mzaha. Tangu miaka ya 1830 wachekeshaji wazungu wa nchi hiyo walikuwa na desturi ya kujipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, kujichorea midomo mipana, na kumwigiza mtumwa wa mashambani: mvivu, mwizi wa kuku, mwoga wa mizimu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1865, mchezo huo haukufa. Watu weusi wenyewe walianza kuajiriwa jukwaani, lakini kwa kawaida walitakiwa kuvaa sura ile ile waliyokwisha kutungiwa na wengine.

Egbert Austin Williams alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahama, tarehe 12 Novemba 1874. Wazazi wake walihamia Marekani naye angali mtoto, wakafanya makao Riverside, California. Ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde, na usemi wake haukufanana hata kidogo na ule uliotazamiwa kwa mtu mweusi jukwaani. Matamshi ya watu weusi wa Kusini ilimbidi ayasome kama mgeni asomavyo lugha ya watu. Mwaka wa 1893, mjini San Francisco, alikutana na George Walker, kijana wa Lawrence, Kansas, nao wakaanza kufanya kazi pamoja. Hapo mwanzo Walker ndiye aliyechekesha, na Williams ndiye aliyekuwa bwana makini. Siku moja mjini Detroit, mnamo mwaka wa 1896 na kwa maelezo yake mwenyewe, Williams alijipaka masizi kwa kujaribu tu, akaona watazamaji wamevunjika mbavu. Tangu hapo majukumu yakabadilishana: Walker akawa mjanja mwenye suti za fahari, Williams akawa maskini mpole ambaye kila balaa humwangukia yeye. Katika matangazo yao walijiita kwa lile lile tusi ambalo wazungu waliwatukania weusi, wakiongeza kwamba wao ndio wa kweli. Shabaha yao ilikuwa kuwashinda waigaji wazungu waliokuwa wakichuma fedha kwa sura isiyo yao.

Lakini kabla ya Detroit palitokea jambo ambalo lingezaa matunda baadaye. Mwezi wa Januari 1894 yalifunguliwa San Francisco maonyesho makubwa ya kimataifa, na ndani yake kijiji cha Dahomey, ambapo Waafrika walioletwa kutoka kwao wangetazamwa na wenye kulipa kiingilio. Wadahomey walichelewa kufika. Wenye maonyesho wakawaajiri weusi wa pale pale mjini wakae kijijini wakijifanya Waafrika, na miongoni mwao walikuwamo Williams na Walker. Wadahomey wenyewe walipowasili, vijana hao wawili walirudi kuwatazama mara kwa mara. Walker aliandika mwaka wa 1906 kwamba hapo ndipo walipopata wazo la kutunga michezo juu ya Waafrika. Yafaa kukumbuka kwamba mwezi huo huo wa Januari 1894 mfalme Béhanzin wa Dahomey alijisalimisha kwa Wafaransa, akapelekwa uhamishoni Martinique. Miaka mitatu baadaye Wakongomani 267 walionyeshwa kwa namna hiyo hiyo huko Tervuren, Ubelgiji; saba kati yao walifia huko.

Mchezo wa *In Dahomey* ulifunguliwa New York tarehe 18 Februari 1903. Muziki ulikuwa wa Will Marion Cook, maneno ya nyimbo ya mshairi Paul Laurence Dunbar, na hadithi ya Jesse Shipp. Wote watu weusi. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa muziki, mrefu na kamili, uliotungwa na kuchezwa na weusi katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Mwezi wa Mei ulihamia London, na tarehe 23 Juni kundi likacheza katika jumba la mfalme, Buckingham. Hata hivyo, Afrika ya mchezo huo ilikuwa nyembamba: hadithi karibu yote inatendeka Marekani, na Dahomey inajitokeza mwishoni tu.

*Abyssinia*, uliofunguliwa mwezi wa Februari 1906, ulikwenda mbali zaidi. Hadithi yote iliwekwa Ethiopia, na mfalme Menelik, aliyewashinda Waitalia huko Adwa miaka kumi tu kabla yake, akaonekana jukwaani akiwa hakimu mwenye heshima, huku wanaochekwa wakiwa wasafiri kutoka Marekani. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo la New York, Ota Benga, mtu wa Kongo, alifungiwa nyumba moja na nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx.

Walker aliugua mwaka wa 1909, akafa Januari 1911. Williams akabaki peke yake, na mwaka wa 1910 akaajiriwa na Florenz Ziegfeld katika *Follies*, onyesho la fahari kuliko yote ya Broadway. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wachezaji wazungu walitishia kuondoka, naye Ziegfeld akawajibu kuwa aliweza kumbadilisha kila mmoja wao isipokuwa Williams. Mwaka huo huo Booker T. Washington aliandika kwamba Williams ameitumikia jamii ya weusi kuliko yeye mwenyewe. Si weusi wote waliokubali. Wako waliomlaumu kwamba aliendelea kuvaa sura ya matusi mbele ya wazungu, tena wakati ambapo wenzake walikuwa wakiuawa na makundi ya watu huko Kusini. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini amtazamaye kwa makini huona kwamba aliikuta sura ya mjinga, akaitia moyo wa mtu. Katika wimbo wake *Nobody*, aliouingiza kwenye sahani mwaka wa 1906, anayelalamika kuwa hana wa kumsaidia hachekwi kwa sababu ni mweusi; anachekwa kwa sababu kila msikilizaji amewahi kuachwa peke yake. Mwenyewe aliandika mwaka wa 1918 kwamba hajaona aibu yoyote katika kuwa mweusi, ila ameona mara nyingi kuwa, huko Marekani, ni usumbufu. Ni kauli ya upole wenye meno.

Sinema haikumtendea haki. Katika *A Natural Born Gambler* ya mwaka 1916 anaonekana amefungwa gerezani, akicheza karata pasipo karata wala wenzake: uso na vidole tu vinatosha kuonyesha tamaa, hila na hasara. Tarehe 27 Februari 1922 alianguka jukwaani mjini Detroit, akiwa mweusi pekee katika kundi la wazungu. Akafa New York tarehe 4 Machi, na umri wake ulikuwa miaka 47.

Kazi yake iliyo muhimu zaidi ya sinema hakuiona yeye wala watazamaji wa zama zake. Mwaka wa 1913 aliongoza wachezaji weusi wengi katika filamu iliyopigwa na kampuni ya Biograph, kisha ikaachwa bila kumalizika. Mikanda yake iliingia mwaka wa 1939 katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ikakaa humo miongo mingi bila kutambuliwa, hata ikaonyeshwa hadharani mwaka wa 2014 kwa jina la *Lime Kiln Field Day*. Katika mapenzi ya hadithi hiyo Williams na Odessa Warren Grey wanapanda bembea la kuzunguka, wanatembea, wanabusiana kwa adabu na furaha, jambo ambalo sinema ya wakati ule haikuwa na desturi ya kuwapa watu weusi. Wachezaji wengine wana nyuso zao wenyewe. Williams peke yake ndiye aliyepakwa masizi. Na kwa kuwa filamu haikukatwa wala kuunganishwa, vimebaki hata vipande vya kati ya tukio na tukio: wachezaji wamesimama wakingoja, wakizungumza na waongozaji wazungu, na Williams akiwa miongoni mwao, masizi usoni, ameacha kuigiza.