Mwanga wa Mmenyuko

Ndani ya mashine ya kupimia moshi wa magari kuna chumba kidogo chenye giza. Nitrojeni monoksidi, yaani NO, huingia humo kutoka kwenye ekzosi na kukutana na ozoni ambayo mashine imeitengeneza yenyewe kwa umeme. Gesi hizo zikimenyuka, hutokea nitrojeni dioksidi, yaani NO2, na oksijeni. Baadhi ya molekuli za dioksidi huzaliwa zikiwa na nishati ya ziada, nazo huitua kwa kutoa mwanga: wekundu hafifu unaoanzia karibu na nanomita 600 na kuzama kwenye infraredi, ambako jicho halioni. Ozoni ikiwa ya kutosha, mwanga huongezeka kadiri NO inavyoongezeka. Arthur Fontijn na wenzake waliieleza mbinu hiyo mwaka 1970 huko Marekani, na hadi leo maabara za magari zinaitegemea.

Wanasayansi huliita tukio hilo kemiluminesensi. Tuliiteje sisi?

Wepesi wa kuunda maneno watasema nurukemia, kwa kuwa tayari tuna usanisinuru katika biolojia. Mimi silikubali. Anayelisikia atadhani ni tawi la kemia linalohusu nuru, yaani kemia ambayo nuru ndiyo inayoianzisha. Kemia hiyo ipo, na ina uhusiano wa karibu na magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, alionyesha kwamba jua likipiga oksidi za nitrojeni na mabaki ya petroli katika hewa ya Los Angeles, ozoni huzaliwa. Pale mwanga ulileta mmenyuko. Katika mashine yetu mmenyuko ndio unaoleta mwanga. Istilahi inayochanganya mambo hayo mawili imempotosha mwanafunzi kabla hajafungua kitabu.

Mng'ao nao unanipa shaka, maana hata kiatu kilichopigwa rangi kinang'aa, na nuru yake ni ya kuazima. Mwako ni wa moto. Nimebaki na mwanga wa mmenyuko. Ni maneno matatu badala ya moja, lakini yanaonyesha nani mzazi na nani mtoto. (Watu wa pwani watanikumbusha kwamba mwanga ni mchawi pia. Huyo wingi wake ni wanga. Hatagombana na fizikia.)

Jina hilo linasaidia pia kueleza udhaifu wa kipimo. Molekuli yenye nishati ya ziada ikigongana na jirani yake kabla haijaangaza, nishati hupotea na mwanga hautoki. Hapa kitenzi kizima tunacho: mwanga umezimwa. Wazimaji wakubwa ni kaboni dioksidi na mvuke wa maji, na moshi wa gari umejaa vyote viwili. Ndiyo maana chumba kile mara nyingi huondolewa hewa kwa pampu, shinikizo lishuke na migongano ipungue. Fundi asiyeujali uzimaji atasoma namba ndogo kuliko ukweli, na gari chafu litapita. Kwa gari dogo la dizeli, kiwango cha Euro 6 ni miligramu 80 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita. Hakiachi nafasi ya uzembe.

Kuna jambo jingine. NO2 inayotoka kwenye ekzosi imekwishatulia. Ikikutana na ozoni haitoi mwanga huo. Lazima ipite kwanza kwenye kigeuzi, chenye molibdeni au kaboni iliyopashwa moto, kirudishe NO2 iwe NO. Mashine husoma gesi iliyopita kigeuzini na isiyopita, kisha tofauti ndiyo NO2. Lakini kigeuzi cha chuma cha pua kikipashwa zaidi ya nyuzi 600 kinaweza kugeuza hata amonia, ambayo huvuja kwenye magari ya dizeli yanayosafisha moshi kwa urea, na namba ikapanda bure.

Kwa hiyo kibandiko cha "kipima nitrojeni", ambacho mtu angeweza kukibandika kwa haraka, kinaahidi kupita kiasi. Nitrojeni ya kawaida ya hewani hupita chumbani bila kuonekana. Hata N2O, gesi inayoongeza joto la dunia, haitoi mwanga humo. Hupimwa kwa mashine nyingine, ya infraredi.