Chumvi Jikoni, Chuma Angani

Juzi stima ilipotea hapa Embu nikiwa katikati ya programu ambayo sikuwa nimeihifadhi. Kwa hasira nikaiacha tarakilishi, nikaenda kuchemsha githeri. Sufuria ikafurika, maji ya chumvi yakamwagikia jiko la gesi, na mwali wa buluu ukageuka manjano ghafla. Gizani rangi ile ilipendeza sana.

Nilipokuwa shuleni kule Meru nilikariri kwamba sodiamu hutoa mwali wa manjano, nikapata alama zangu, nikasahau. Kwa nini manjano na si kijani? Hilo sikuuliza. Jibu lake lina historia tamu, na kipande kimoja cha historia hiyo ni cha hapa Kenya.

Tuanzie 1814. Fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph Fraunhofer, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, yaani kioo cha pembe tatu. Mwanga ukatawanyika kama upinde wa mvua, lakini ndani yake kulikuwa na mistari myeusi zaidi ya 500. Miwili iliyokaribiana sana, kwenye manjano, akaipa herufi D.

Mwaka 1835 mwanafalsafa wa Ufaransa, Auguste Comte, alidai kwamba binadamu hataweza kamwe kujua nyota zimeundwa kwa kitu gani. Ilielekea kuwa kweli. Nani angefika huko akachota? Lakini 1859, mjini Heidelberg, Gustav Kirchhoff aliyefanya kazi pamoja na Robert Bunsen alionyesha kwamba mistari ya D iko pale pale inapong'aa manjano ya chumvi motoni. Basi jua lina sodiamu! Comte alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Sawa, lakini kwa nini kila elementi ina mistari yake? Hapo ndipo nadharia ya kwanta ilipoingia. Mwaka 1900 Max Planck alipendekeza kwamba nishati hutolewa kwa mafungu. Mwaka 1905 Albert Einstein akasema mwanga wenyewe ni mafungu. Kisha 1913 Niels Bohr wa Denmark akaeleza kwamba elektroni ndani ya atomu haikai popote ipendapo.

Fikiria shamba la kahawa la ngazi kwenye miteremko yetu: mche uko ngazi hii au ile, haupandwi hewani katikati. Sisi waandishi wa programu tungesema ni nambari kamili, hakuna desimali. Elektroni ikishuka, hutoa fungu moja la mwanga lenye nishati sawa kabisa na tofauti ya ngazi hizo mbili. Ikipanda, humeza fungu kama hilo. Ndiyo sababu mstari uleule hung'aa motoni na huwa mweusi kwenye mwanga wa jua. Hesabu za Bohr zilifaulu kwa haidrojeni. Atomu kubwa kama sodiamu zilingoja nadharia kamili ya miaka ya 1925 na 1926.

Sasa turudi nyumbani. Ukitoka Embu kwenda Meru, unavuka ikweta kabla ya kuingia mjini. Kwenye mstari huo dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na kasi hiyo huisaidia roketi. Ndiyo faida waliyoipata Waitaliano kwa kuweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Tarehe 15 Oktoba 1974, setilaiti ya Uingereza iitwayo Ariel 5 ilirushwa kutoka hapo kwenda kupima eksirei za angani.

Mwaka 1976 wanasayansi walitangaza kwamba ndani ya vipimo vyake wameona alama ya chuma, katika gesi ya moto mno iliyo kati ya galaksi za kundi la Perseus, umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 240. Joto limezivua atomu hizo karibu elektroni zote, lakini ngazi za zile chache zilizobaki zilitosha kulitaja jina la chuma. Na chuma hupikwa ndani ya nyota.

Nilikuwa nikidhani fizikia hii ina wenyewe, huko ng'ambo. Kumbe mlango mmoja ulifunguliwa Malindi, na mwingine uko jikoni kwangu.

Stima iliporudi, programu yangu ilikuwa imepotea kweli. Githeri iliiva, ila chumvi ilipungua kidogo. Usiku wa leo zima taa, nyunyiza chembe mbili tatu za chumvi kwenye mwali wa gesi, uone mwenyewe. Kwaherini kwa sasa.