Gari Bila Reli

Neno "gari" tulilipata kutoka India, nasi wa Beni na Butembo twalitumia kila siku, ilhali garimoshi halikutufikia kamwe. Stesheni iliyotukaribia ni Kasese, mashariki ya Ruwenzori, nchini Uganda. Reli ya Kampala ilifika huko mwaka 1956 ili kuchukua shaba ya Kilembe, iliyokuwa ikiyeyushwa Jinja. Stesheni za Delhi zilizoinuliwa juu ya nguzo, zilizofunguliwa kuanzia 2002, zilifuata umati wa abiria. Kasese ilifuata mgodi, na wasemao kwamba reli ile ilikuja kuunganisha watu wanakosea. Uchimbaji ulikoma miaka ya 1980, nayo treni ikafuata miaka ya 1990. Mizigo yetu hupitia Kasindi kwa malori, ambayo nayo twayaita magari.