Ripoti za Uchimbaji Zisizochapishwa na Uandishi wa Historia ya England: Nafasi ya Faharasa za Mtandaoni tangu 1990

1.0 Utangulizi

Uchimbaji wa kiakiolojia ni kazi isiyoweza kurudiwa. Tabaka la udongo likishaondolewa halirejeshwi mahali pake, na kinachosalia ni vitu vilivyopatikana pamoja na maandishi ya wachimbaji. Hivyo, ripoti ya uwandani hushika nafasi ya eneo lenyewe, na ikipotea, eneo hilo hupotea mara ya pili. Insha hii inachunguza jinsi ripoti hizo zilivyoongezeka nchini England baada ya mwaka 1990 bila kuwafikia wanahistoria, na jinsi faharasa za mtandaoni zilivyobadili hali hiyo. Inajengwa hoja kwamba faharasa hizo hazikurahisisha utafutaji pekee, bali ziligeuza pia maswali ambayo mwanahistoria anaweza kuuliza.

2.0 Chimbuko la Tatizo

Mwaka 1989, mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Rose, uliojengwa mwaka 1587, yalifukuliwa Southwark, London, mahali palipokusudiwa kujengwa jengo la ofisi. Mgogoro uliozuka ulidhihirisha udhaifu wa taratibu za wakati huo. Novemba 1990 serikali ilitoa mwongozo wa mipango uliojulikana kama PPG16, ambao uliimarisha kanuni kwamba anayetaka kujenga ndiye agharimie uchunguzi wa kiakiolojia wa eneo lake.

Kanuni hiyo iliokoa ushahidi mwingi, lakini ilizaa tatizo jipya. Kampuni za uchimbaji ziliandika ripoti ili kutimiza sharti la kibali cha ujenzi. Kwa kawaida nakala chache tu zilitolewa: ya mteja, ya mamlaka ya mipango, na ya ofisi ya kumbukumbu za urithi ya eneo husika. Majarida ya kitaaluma yalichapisha sehemu ndogo, hasa matokeo yaliyovutia. Hivyo basi, maarifa yaliyokwisha kulipiwa yakabaki makabatini, na vitabu vya historia vikaendelea kutegemea ushahidi wa zamani.

3.0 Kutoka Orodha hadi Faharasa

Juhudi za awali zilikuwa za kuorodhesha. Mradi ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Bournemouth ulikusanya taarifa za kazi zilizofanyika England kuanzia mwaka 1990. Orodha ya namna hiyo ilionyesha kuwa ripoti ipo, lakini msomaji bado alilazimika kuisafiria.

Hatua iliyofuata iliwezeshwa na Archaeology Data Service, hifadhi ya data iliyoanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha York. Kupitia mfumo wa OASIS, wachimbaji wenyewe hujaza fomu mtandaoni wakieleza mahali, aina ya kazi, kipindi cha kihistoria na vitu vilivyopatikana, kisha huambatisha ripoti. Wasimamizi wa kumbukumbu za urithi huhakiki taarifa hizo. Ripoti huwekwa katika maktaba ya kidijitali na kupewa kitambulisho cha kudumu, ili iweze kurejelewa kama chapisho lolote. Leo maktaba hiyo ina makumi ya maelfu ya ripoti zinazosomwa bila malipo.

4.0 Athari katika Uandishi wa Historia

Thamani ya ripoti hizi ilidhihirishwa na Richard Bradley wa Chuo Kikuu cha Reading. Katika kuandaa kitabu chake kuhusu historia ya kale ya Uingereza na Ireland, kilichotoka mwaka 2007, alizunguka ofisi za wachimbaji akisoma ripoti zisizochapishwa, na akaonyesha kuwa picha iliyozoeleka ilihitaji kurekebishwa. Baadaye, mradi mwingine wa Reading kuhusu makazi ya vijijini katika Uingereza ya Kirumi ulichambua makazi zaidi ya 2,000, mengi yakiwa yamejulikana kupitia ripoti za aina hiyo. Majumba ya matajiri, yaliyotawala maelezo ya awali, yalionekana kuwa sehemu ndogo. Wengi waliishi katika maboma ya wakulima wa kawaida.

Aidha, faharasa huhifadhi kile ambacho jarida halichapishi: uchimbaji usiopata kitu. Ramani isiyo na alama huweza kumaanisha kwamba watu hawakuishi hapo, au kwamba hakuna aliyewahi kuchimba. Hizo ni hoja mbili tofauti kabisa, na bila kumbukumbu za mitaro mitupu mwanahistoria hana njia ya kuzitenganisha.

5.0 Mipaka

Hata hivyo, faharasa ina mipaka yake. Kwanza, huonyesha zaidi mahali panapojengwa. Barabara na mitaa mipya huleta ripoti nyingi, ilhali nyanda zisizojengwa hubaki kimya. Pili, utafutaji hutegemea istilahi: shimo lililoitwa kwa majina mawili na kampuni mbili huweza kupotea machoni pa mtafutaji. Tatu, ripoti nyingi za miaka ya 1990 ziliandikwa kabla ya mfumo huu, na kuziingiza huhitaji fedha na watu.

6.0 Hitimisho

Mfano wa England unaonyesha kwamba kulinda mabaki kwa sheria hakutoshi. Sharti la kuchimba kabla ya kujenga likitenganishwa na sharti la kuweka ripoti mahali pa wazi, jamii huishia kugharimia uharibifu uliopangwa vizuri. Faharasa ndiyo huunganisha masharti hayo mawili, na kumwezesha mkulima asiyeacha maandishi kuingia katika historia ya nchi yake.