Kishikwambi Kilishinda, Lakini Hakikushinda kwa Kusoma

Kuna swali linarudi kila wiki: nina pesa kidogo, ninunue tablet ama kile kifaa cha kusomea vitabu tu, Kindle? Sawa, tuongee. Ila kwanza turudi nyuma, maana Kenya ilishawahi kujibu swali hili, tena kwa mabilioni.

Kindle ya kwanza ilitoka Marekani Novemba 2007, dola 399. Kazi yake moja, kusoma. Kioo chake hakitoi mwanga kama simu. Ndani kuna chembechembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na umeme, zikishakaa zimekaa, hazili chaji mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndio maana chaji inaenda wiki kadhaa, na juani unasoma fresh. Mtu wa Likoni anayesubiri feri saa saba mchana anaelewa maana ya hilo.

Halafu 2010 ikaja iPad. Video, gemu, kamera baadaye, vitabu humo humo. Mwaka huo huo shirika la Worldreader lilianza kupeleka Kindle kwa wanafunzi Ghana, na baadaye likafika Kenya, mpaka kwenye maktaba za umma. Wazo lilikuwa safi: shule haina vitabu, mpe mtoto kifaa kimoja chenye maktaba nzima. Lakini kufikia 2012 Worldreader wenyewe walishaanza kuweka vitabu kwenye simu za kawaida. Kwa nini? Kwa sababu simu watu walikuwa nayo tayari.

Sasa njoo serikalini. Kampeni ya 2013, Uhuru na Ruto waliahidi laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikavurugika, mpango ukabadilika, na 2016 vikaanza kufika vishikwambi. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa shule za msingi za umma, pamoja na laptop za walimu na projekta. Kabla ya hapo ilibidi shule nyingi ziunganishwe umeme kwanza. Hapo ndipo unaona gharama ya kioo kinachokula chaji: kabla ya kununua kifaa, unanunua nguzo.

Mbona hawakuchukua Kindle? Jibu liko kwenye sensa. 2019 Kenya ilihesabu watu kwa vishikwambi badala ya makaratasi. Tanzania wakafanya hivyo 2022, kisha vile vifaa vya sensa wakapewa walimu. Kindle haiwezi kuhesabu watu, yaani haina kazi ya pili. Na serikali, kama mzazi wa Kisauni ama Changamwe, hupenda kitu chenye kazi ya pili na ya tatu. Nyumba ya watu sita na kifaa kimoja, huwezi kununua kinachosoma tu. Hiyo si ujinga, ni hesabu.

Lakini msichanganye mambo. Kishikwambi kilishinda kwa sababu kinafanya mengi, si kwa sababu kinasomesha vizuri. Ile kazi ya pili ndiyo inakutoa kwenye ukurasa wa nne. Meseji inaingia, unasema dakika moja, ukishtuka ni saa tano usiku na bando imeisha. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hakuna mtu wa kunilazimisha kusoma. Chochote ninachojua kuanzia hapo nimekifuata mwenyewe, na najua adui yangu si ukosefu wa vitabu. Ni kile kitufe cha pembeni.

Kwa hivyo jibu langu: kama nyumbani hakuna kifaa kabisa, chukua tablet, usione haya. Kama simu nzuri unayo tayari, usinunue tablet, hiyo ni simu kubwa tu. Tafuta Kindle ya mtumba. Na kama pesa hakuna, weka vitabu kwenye simu, zima data, soma kurasa kumi ndio uwashe.

Wewe unasoma na nini? Niambie hapo chini, na usinidanganye.