Mishumaa ya Majilio ilianzia kwa watoto wa vichochoroni

Desemba ya mwaka 1839 ilianza siku ya Jumapili, na Jumapili hiyo ndiyo iliyofungua Majilio, wiki za kuingoja Krismasi. Katika kijiji cha Horn, kando ya mji wa Hamburg nchini Ujerumani, mwanateolojia wa Kilutheri mwenye umri wa miaka 31, Johann Hinrich Wichern, alitundika gurudumu la mbao katika ukumbi wa sala na kulizungushia mishumaa. Minne mikubwa myeupe ilikuwa ya Jumapili, na 20 midogo myekundu ilikuwa ya siku za kazi. Jumla 24, kwa kuwa mwaka ule siku za kuanzia Jumapili hiyo hadi mkesha wa Krismasi zilikuwa 24 kamili. Kila siku watoto walipokusanyika kusali, mshumaa mmoja uliongezwa kwenye ile iliyokwisha kuwashwa.

Watoto hao hakuwazaa yeye. Hamburg ilikuwa bandari tajiri, lakini nyuma ya maghala yake familia zilibanana katika vichochoro vya uchafu, na watoto waliishi kwa kuomba na kuiba. Mwaka 1833 Wichern aliwafungulia nyumba iliyoitwa Rauhes Haus. Hakuwafungia ndani ya kuta kama wafungwa. Aliwagawa katika familia ndogo za watoto wapatao kumi na wawili, kila moja na mlezi wake, akawapa shamba la kulima na ufundi wa kujifunza. Inasimuliwa kwamba Desemba ilipokaribia hawakuacha kumuuliza Krismasi ni lini. Gurudumu lile lilikuwa jibu lake: hesabu ambayo hata mtoto asiyejua kusoma angeweza kuifuata kwa macho.

Gurudumu la mishumaa 24 lilikuwa kubwa mno kwa nyumba ya kawaida. Watu walipolichukua wakalipunguza, likabaki na mishumaa minne ya Jumapili, na majani mabichi ya misonobari yakazungushwa. Wakatoliki wa Ujerumani walilipokea baadaye sana. Kanisa la kwanza la Kikatoliki linalotajwa kulitundika lilikuwa la Cologne, mwaka 1925. Kwa hiyo Mkatoliki wa Songea au Bukoba anayetazama mishumaa minne kando ya altare anatazama kitu kilichotoka kwa Walutheri, nao Walutheri walikipata kwa watoto maskini. Nikiifikiria njia hiyo naona fahari zaidi kuliko ninapoona mapambo ya gharama yanayoanza kuning'inizwa madukani kabla hata Novemba haijaisha.

Majilio yenyewe ni ya kale zaidi kuliko mishumaa yake, na mwanzoni yalikuwa mazito. Mwaka 380 maaskofu waliokutana Zaragoza, Hispania, waliagiza kwamba kuanzia tarehe 17 Desemba hadi 6 Januari muumini asikose kanisani. Karne iliyofuata, Askofu Perpetuus wa Tours, Ufaransa, aliwataka watu wake wafunge siku tatu kwa wiki, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Mfungo huo ukaja kuitwa Kwaresima ya Mtakatifu Martin. Martin ndiye yule askari aliyekutana na ombaomba anayetetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Sioni kama ni bahati tu kwamba mfungo wa kumngoja Mtoto aliyezaliwa zizini ulifunguliwa kwa sikukuu ya mtu huyo.

Roma ilishika kipindi kifupi, na mpango wa Jumapili nne unahusishwa na Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604. Milano hadi leo wana Majilio ya wiki sita. Waorthodoksi wao hufunga siku 40, kuanzia tarehe 15 Novemba kwa kalenda yao. Kwa Wakristo wa Magharibi mfungo ulilegea taratibu mpaka ukasahaulika, ukaacha alama zake kanisani: kanzu za zambarau, wimbo wa Utukufu unaonyamazishwa siku za Jumapili, na rangi ya waridi ya Jumapili ya tatu, siku ya kupumua kidogo katikati ya safari. Poland bado wanaamka kabla ya alfajiri kwenda kwenye misa ya Majilio, watoto wakiwa na taa mikononi, nje kukiwa na theluji.

Mwangaza katika giza la majira ya baridi ni lugha ya kule. Hamburg mwezi Desemba, yapata saa kumi jioni jua linazama. Wamisionari walipoleta desturi zao huku kwetu, Desemba ilikuwa kitu kingine kabisa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Walutheri walianza Mlalo, katika milima ya Usambara, mwaka 1891, na Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Huku Desemba ni mwezi wa joto na mvua za vuli, na kule mlimani jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni, mwezi ule kama mwezi mwingine wowote. Mshumaa wa Majilio haukukuta majira ya giza ya kushindana nayo. Uliloweza kufanya ni lile alilolitaka Wichern: kuhesabu pamoja na watu wanaongoja.

Na watu wa kungoja nao walikuwapo. Mwaka 1896, huko Lutindi, Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye nyumba hiyo ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, na hadi leo wagonjwa kama hao hutibiwa hapo, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Waliokuwa nyuma ya kazi hiyo walitoka katika mkondo uleule wa Ujerumani ambao Wichern aliusukuma tangu mwaka 1848, kwamba kanisa lisilomhudumia maskini halijamaliza ibada yake.

Leo siku za kabla ya Noeli katika parokia ya Kitanzania zina shughuli zisizo na mapumziko. Jumuiya ndogo ndogo zinasali novena kuanzia tarehe 16 Desemba. Foleni ya kitubio inatoka mlangoni, na paroko anawaomba mapadre wa jirani wamsaidie. Akina mama wanasugua sakafu, vijana wanajenga pango kwa magunia na matete, wakiendeleza alichokianzisha Fransisko wa Asizi kule Greccio mwaka 1223 kwa hori, ng'ombe na punda. Kwaya inafanya mazoezi hadi usiku. Tarehe 24 ikiangukia Jumapili, kama ilivyokuwa mwaka 2023, kazi zinagongana. Asubuhi kanisa ni la Jumapili ya nne ya Majilio, lenye zambarau, na jioni ileile linatakiwa liwe jeupe na limepambwa kwa misa ya mkesha.

Kilimanjaro kuna jambo la ziada. Mabasi kutoka Dar es Salaam yanajaa, na usharika wa mlimani ambao mwezi Agosti ulikuwa na wazee na watoto wa shule unapata ghafla watu wa kusimama nje. Ibada ikiisha kuna mnada: ndizi, mayai na kuku walioletwa kama sadaka wanauzwa pale uwanjani, na jamaa wa mjini wanapandishiana bei kwa furaha. Ila nyumbani kuna mashauri yaliyongoja mwaka mzima. Ndugu hawasalimiani kwa ajili ya kihamba, yaani shamba la ukoo, au mjane anasukumwa na shemeji zake. Wachaga wana jani la sale, na anayekuja kuomba msamaha hulileta. Akilileta kwa heshima, ni vigumu sana kumfukuza.

Naamini wachungaji na makatekista wanaozipanga siku hizi wangefaa kuyatanguliza mashauri hayo mbele ya ratiba ya kwaya na michango ya mapambo. Wiki nne zinatosha kumtembelea mjane mara nne, na kuwaketisha ndugu wawili mbele ya mzee wa kanisa kabla familia nzima haijakutana tarehe 25 kuchinja mbuzi. Zikibaki za mapambo tu, ndugu hao watakula mbuzi mmoja huku wamepeana migongo, na mwaka unaofuata mmoja wao hatapanda basi.