Mkataba wa nyuklia wa Iran na soko la chai ya Gusii

MKULIMA anayechuma majani chai katika miinuko ya Manga, penye mpaka wa Kisii na Nyamira, huenda asione linalomhusu katika mvutano wa nyuklia kati ya Iran na Marekani. Hata hivyo, chai ya Kenya huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa, na kwa miaka mingi Iran ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake. Nchi hiyo inapowekewa vikwazo, malipo kupitia benki za kimataifa hukwama, na ushindani mnadani hupungua.

Mkataba wenyewe ulifikiwa mjini Vienna Julai 14, 2015, baina ya Iran na mataifa sita: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China. Iran ilikubali kurutubisha madini ya urani kwa kiwango kisichozidi asilimia 3.67, kuhifadhi kilo zisizozidi 300, na kuwapokea wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Nayo ikaondolewa vikwazo vingi vya kiuchumi.

Mei 8, 2018, Rais Donald Trump aliiondoa Marekani katika mkataba huo na kurejesha vikwazo. Mwaka uliofuata, Iran ilianza kuvuka viwango ilivyowekewa, na Aprili 2021 ikafikia asilimia 60.

Mwezi huo huo, mazungumzo ya kuufufua yalianza Vienna. Iran ilikataa kuketi na Marekani, hivyo wajumbe wa Ulaya wakabeba kauli za pande hizo mbili. Kizingiti kikuu kilikuwa imani: Iran ilidai hakikisho kwamba rais mwingine hatajitoa tena, jambo ambalo Rais Joe Biden hakuweza kumfunga nalo mrithi wake. Kufikia Septemba 2022, mazungumzo yalikuwa yamekwama.

Oman ilisimamia juhudi nyingine kuanzia Aprili 2025. Juni 13 Israel iliishambulia Iran, na Juni 22 Marekani ikavilipua vituo vya Fordow, Natanz na Isfahan. Septemba mwaka huo, kwa hatua iliyoanzishwa na Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilirejea.

Kenya iliwahi kuonja makali hayo Julai 2012, ilipolazimika kufuta mpango wa kununua mafuta ghafi ya Iran. Haikuwa na kiti katika mazungumzo yale, lakini gharama iliifikia.